Ligi Ilipofungwa Milango: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Mgogoro wa NFL wa 2011 na Msimu Uliofuata

Kila viongozi wa ligi ya futiboli ya Marekani wanapogusia kuongeza mechi, mgogoro wa 2011 hufufuka midomoni mwa watu, na walioanza kuifuatilia NFL miaka ya karibuni huuliza maswali yaleyale. Tumeyakusanya yanayorudi mara nyingi zaidi. Kwa aliyepita njia tu: tunazungumzia ule mpira wa helmeti na pedi za mabegani, si kandanda.

Ule ulikuwa mgomo?

Hapana. Mgomo ni mfanyakazi kususa kazi. Mwaka 2011 wachezaji walikuwa tayari kuendelea kwa masharti ya zamani. Waliofunga milango ni wenye timu, usiku wa kuamkia 12 Machi. Sheria ya kazi ya Tanzania inalijua jambo hili kama kufungia nje wafanyakazi, na ni silaha ya mwajiri kama mgomo ulivyo silaha ya mwajiriwa. Kuanzia siku ile mchezaji hakuruhusiwa kukanyaga uwanja wa mazoezi wa timu yake, kutumia gym yake, kutibiwa na daktari wa timu, wala kuzungumza na kocha wake mambo ya kazi. Usajili ulisimama. Hali hiyo ilidumu hadi 25 Julai, miezi minne na nusu hivi, na ndiyo kazi iliyosimama kwa muda mrefu kuliko zote katika historia ya ligi hiyo.

Magazetini na mitaani watu waliendelea kuuita mgomo. Jambo hilo liliwakera wachezaji, na walikuwa na haki ya kukereka, maana anayegoma ndiye shabiki humrushia lawama.

Waligombania nini hasa?

Fedha kwanza, halafu miili.

Wakati huo NFL ilikuwa ikiingiza takriban dola bilioni 9 kwa mwaka. Chini ya mkataba wa hali bora wa 2006, wenye timu walikata kwanza dola bilioni 1 hivi kwa ajili ya gharama zao za kuendesha biashara, kisha wachezaji wakapata karibu asilimia 60 ya kilichobaki. Ukipiga hesabu ya harakaharaka, mchezaji alikuwa akiondoka na zaidi kidogo ya nusu ya kila kilichoingia.

Mkataba huo wenye timu waliupitisha wenyewe, kura 30 kwa 2. Waliopinga walikuwa Buffalo na Cincinnati, timu za miji midogo. Lakini haikuchukua muda majuto yakawaingia. Mei 2008 wote walipiga kura kwa kauli moja kujitoa mapema, jambo ambalo mkataba uliruhusu. Hoja yao ilikuwa kwamba viwanja vipya vimewaelemea: kile cha Dallas kilichofunguliwa Arlington mwaka 2009 na kile cha Giants na Jets kilichofunguliwa New Jersey mwaka 2010 kila kimoja kiligharimu zaidi ya dola bilioni 1. Kwa hiyo walitaka wakate bilioni nyingine moja kabla ya mgawo.

Wachezaji wakajibu: tuoneni vitabu. Kama biashara ina hasara, toeni hesabu zilizokaguliwa za miaka 10 tuzisome. Wenye timu walikataa kutoa kila kitu. Timu moja tu ndiyo hesabu zake zilikuwa wazi, Green Bay Packers, kwa sababu inamilikiwa na wananchi wenye hisa na lazima itangaze mapato yake kila mwaka. Packers ilionyesha kwamba faida yake ya uendeshaji imeshuka ndani ya mwaka mmoja kutoka dola milioni 20.1 hadi 9.8. Ligi ikazinukuu takwimu hizo kama ushahidi wa hali ngumu. Wachezaji wakasema bado ni faida. Hapo kila upande ukawa na namba moja ileile na maana mbili.

Pembeni ya hilo kulikuwa na mambo mawili mazito. La kwanza ni mechi 18. Msimu ulikuwa na mechi 16 za ligi na 4 za maandalizi. Wenye timu walitaka mbili za maandalizi zigeuzwe za ligi, zenye thamani kwa televisheni. Wachezaji hawakutaka hata kulisikia, hasa wakati ule ambapo habari za mitikisiko ya ubongo kwa wastaafu zilikuwa zimeanza kutisha. La pili ni mishahara ya wanaoingia. Mwaka 2010 kwotabaki (mrusha pasi mkuu wa timu) Sam Bradford, aliyechaguliwa wa kwanza kwenye drafti, yaani zoezi la kila mwaka la timu kuchagua wachezaji wapya kutoka vyuoni, alipewa na St. Louis Rams mkataba wa dola milioni 78, ambamo milioni 50 ni za uhakika, kabla hajarusha mpira hata mmoja kwenye ligi. Hata wakongwe ndani ya chama cha wachezaji waliona hapo pana kasoro.

Si ulikuwa ugomvi wa matajiri kwa matajiri tu?

Hili ndilo swali linaloulizwa kwa kejeli zaidi. Jibu linategemea unamtazama nani. Ukimtazama kwotabaki nyota kama Peyton Manning, sawa. Lakini kila timu ilikuwa na wachezaji 53 kwenye orodha yake, na wengi wao majina yao huyajui wala hutayajua. Chama cha wachezaji husema wastani wa maisha ya mchezaji kwenye ligi ni kama miaka 3.3. Ligi hubisha na kutoa wastani mrefu zaidi, kwa kuhesabu wale tu waliofanikiwa kuingia kikosini mwaka wao wa kwanza. Hata ukichukua hesabu ya ligi, huyu ni mtu ambaye kazi yake itakwisha kabla hajafika miaka 30, ambaye mkataba wake kwa sehemu kubwa hauna dhamana, na anayehitaji misimu mitatu ili apate haki ya pensheni. Kwa mtu wa namna hiyo msimu mmoja ukipotea, pengine ni theluthi ya kazi yake yote imekwenda.

Mwenye timu anaweza kusubiri. Wengine timu wamerithi kwa baba zao. Ndiyo maana mimi sikuwahi kuiona mizani ile kuwa sawa, hata kama wote wawili walivaa suti nzuri mbele ya kamera.

Kwa nini wachezaji walivunja chama chao wenyewe katikati ya mgogoro?

Hapa ndipo wengi hupotea, na si ajabu, maana ni ujanja wa kisheria.

Marekani ina sheria za ushindani zinazokataza makampuni kula njama. Timu 32 zikikaa pamoja na kukubaliana kwamba hakuna atakayemwajiri mtu, au kwamba hakuna atakayelipa zaidi ya kiasi fulani, hiyo kwa kawaida ni njama. Lakini mahakama zimetoa msamaha: kama wafanyakazi wana chama na kuna majadiliano ya pamoja, basi sheria ya kazi ndiyo hutawala, na ile ya ushindani hukaa pembeni. Maana yake ni kwamba mchezaji mwenye chama hawezi kwenda mahakamani kudai njama. Akikivua chama, anaweza.

Basi 11 Machi 2011, baada ya majadiliano ya wiki kadhaa jijini Washington mbele ya msuluhishi wa serikali George Cohen kuvunjika, chama kikatangaza kwamba hakiwawakilishi tena wachezaji. Siku hiyohiyo wachezaji 10 walifungua kesi katika mahakama ya shirikisho huko Minnesota. Jina la kwanza kwenye orodha lilikuwa la Tom Brady, kwotabaki wa New England Patriots, ndiyo maana kesi inaitwa Brady dhidi ya NFL. Walikuwamo Manning na Drew Brees. Alikuwamo pia Von Miller, kijana wa chuo ambaye hata ligi hakuwa ameingia. Mwezi uliofuata Denver Broncos walimchagua wa pili kwenye drafti, yaani aliajiriwa na walewale aliowashtaki.

Ligi ilisema huku kuvunja chama ni kiini macho. Kwa kweli hakuna aliyeamini kwamba DeMaurice Smith, katibu mtendaji wa chama na mwanasheria aliyechaguliwa mwaka 2009 baada ya kifo cha mtangulizi wake Gene Upshaw, ameacha ghafla kuwaongoza wachezaji. Lakini mbinu ilikuwa na historia. Chama kiliwahi kujivunja mwaka 1989, na kesi zilizofuata ndizo zilizoleta mkataba wa 1993 na uhuru wa mchezaji kuhama mkataba wake unapokwisha. Kabla ya hapo mchezaji alikuwa kama mali ya timu.

Mahakamani nani alishinda?

Wachezaji walianza vizuri. Tarehe 25 Aprili Jaji Susan Richard Nelson aliamuru ligi ifunguliwe. Siku chache baadaye milango ikafunguka kweli, baadhi ya wachezaji wakaingia, wakachukua vitabu vya mbinu, wakasalimiana na makocha. Kabla jua halijazama Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Nane huko St. Louis ikasimamisha amri hiyo, na milango ikafungwa tena. Tarehe 8 Julai mahakama hiyo ilitoa hukumu, majaji wawili kwa mmoja: sheria ya 1932 inazuia mahakama kutoa amri za zuio katika migogoro ya kazi, hata kama chama kimejivunja. Sheria hiyo ilitungwa wakati waajiri walipokuwa wakikimbilia kwa majaji kuzima migomo. Sasa ikamlinda mwajiri.

Fedha za televisheni ziliingiaje kwenye ugomvi?

Kwa maoni yangu hapa ndipo mgogoro ulipogeuka, ingawa watu wanalikumbuka kidogo. Wakati wa kupanga upya mikataba ya matangazo, ligi ilihakikisha kwamba vituo vya televisheni vitaendelea kuilipa hata kama mwaka 2011 hakuna mechi itakayochezwa. Kiasi kilichokuwa mezani kilikuwa zaidi ya dola bilioni 4. Kwa lugha nyingine wenye timu walikuwa wamejiwekea akiba ya vita, na sehemu ya akiba hiyo ilitokana na fedha ambazo walipaswa kuzitafuta kwa faida ya pande zote mbili.

Tarehe 1 Machi Jaji David Doty wa Minneapolis alisema hilo lilikiuka makubaliano na wachezaji. Wenye timu hawakuwa tena na uhakika wa kuishi mwaka mzima bila mpira. Chama nacho, ilikuja kujulikana baadaye, kilikuwa kimekata bima ya kimyakimya ambayo ingempa kila mchezaji karibu dola 200,000 kama msimu wote ungepotea. Kila mmoja alikuwa ameficha chakula chini ya kitanda.

Wachezaji waliishije miezi ile?

Wakati huo mshahara wa NFL ulilipwa wiki za mechi, kuanzia Septemba, hivyo Machi hadi Julai wengi hawakupoteza mishahara yenyewe. Walichopoteza ni bonasi za mazoezi, bima ya afya ambayo iliwabidi waigharimie wenyewe, na matibabu. Mchezaji aliyekuwa akiuguza goti alilazimika kumtafuta daktari wake. Kwa wafanyakazi wa kawaida hali ilikuwa mbaya zaidi kuliko ilivyoandikwa: baadhi ya timu zilikata mishahara ya makocha na watu wa ofisini au kuwapa likizo zisizo na malipo.

Mazoezi wachezaji waliyafanya wenyewe. Brees aliwakusanya wenzake wa New Orleans Saints kwenye viwanja vya Chuo Kikuu cha Tulane. Kisa ninachokipenda zaidi ni cha Alex Smith wa San Francisco 49ers. Mkataba wake ulikuwa umekwisha, kisheria hakuwa na timu, na mashabiki walikuwa wamemchoka. Hata hivyo aliwaita wachezaji wa 49ers kwenye viwanja vya chuo cha San Jose State na kuwafundisha mbinu za kocha mpya, Jim Harbaugh, ambaye hakuruhusiwa kuwa karibu. Wenyewe wakaiita Kambi ya Alex.

Drafti ilifanyika?

Ndiyo, kwa sababu mkataba wa zamani uliihakikisha. Ilifanyika mwishoni mwa Aprili ukumbi wa Radio City, New York. Kamishna Roger Goodell alizomewa kila alipopanda jukwaani, na mashabiki wakaimba kwamba wanataka mpira. Carolina Panthers walimchukua Cam Newton wa kwanza. Kijana akapigwa picha na jezi, kisha akarudi nyumbani: timu haikuruhusiwa kumpigia simu.

Hatimaye nini kiliwapatanisha?

Kalenda. Mwezi Julai ulipofika, mechi za maandalizi zilikuwa hatarini, na hizo ni tiketi na matangazo. Hukumu ya rufaa ilikuwa imewapunguzia wachezaji nguvu, uamuzi wa Doty ulikuwa umewapunguzia wenye timu. Wakakutana bila wanasheria wengi, wakaachana na habari ya kukata bilioni kwanza, wakaanza upya na asilimia za mapato yote. Tarehe 21 Julai wenye timu walipitisha kwa kura 31 bila pingamizi. Timu moja, Raiders, haikupiga kura. Wawakilishi wa wachezaji wakakubali tarehe 25.

Kuna jambo lilitokea siku hiyo nje ya ofisi za chama Washington ambalo waliolitazama hawalisahau. Robert Kraft, mwenye timu ya New England Patriots, alikuwa amefiwa na mkewe Myra siku tano tu nyuma. Wiki na wiki alikuwa akitoka kwenye kitanda cha mgonjwa kwenda kwenye mazungumzo. Jeff Saturday, jitu la mstari wa mbele la Indianapolis Colts na mmoja wa viongozi wa chama, alisema mbele ya waandishi kwamba bila Kraft mapatano yasingepatikana, kisha akamkumbatia. Colts na Patriots walikuwa mahasimu wakubwa miaka ile. Kraft alionekana kuzama kifuani kwa Saturday.

Mkataba mpya ulisema nini?

Ulikuwa wa miaka 10, bila mlango wa kujitoa katikati. Wachezaji wangepata asilimia 55 ya fedha za televisheni za kitaifa, asilimia 45 ya biashara za pamoja za ligi, na asilimia 40 ya mapato ya timu nyumbani kwake, na kwa jumla wasishuke chini ya asilimia 47 ya mapato yote. Kikomo cha mishahara kwa 2011 kiliwekwa dola milioni 120.375 kwa timu, chini kuliko cha 2009. Kima cha chini cha anayeanza kikawa dola 375,000.

Wanaoingia walipangiwa viwango. Newton alisaini miaka minne kwa dola milioni 22, mwaka mmoja tu baada ya zile 78 za Bradford. Wastaafu wa zamani walitengewa mfuko wa nyongeza ya pensheni wa dola milioni 620.

Kwenye miili: mazoezi mawili mazito kwa siku moja yakapigwa marufuku kambini. Msimu ukishaanza, mazoezi ya kugongana kwa pedi yakawekewa ukomo wa mara 14. Kipindi cha mazoezi kabla ya msimu kikapunguzwa kwa wiki tano. Mechi zikabaki 16, na mchezaji akapata haki ya kubaki kwenye mpango wa bima ya ligi maisha yake yote kwa kuilipia.

Basi nani alishinda?

Fedha walichukua wenye timu. Toka zaidi ya nusu hadi asilimia 47 au 48 ya biashara inayokua kwa kasi ile ni mabilioni kwa miaka 10. Na wino haujakauka, Septemba 2011 ligi ilisaini na kituo cha televisheni cha ESPN mkataba mpya wa zaidi ya dola bilioni 15, na Desemba ikasaini na CBS, Fox na NBC hadi 2022. Ile hadithi ya biashara iliyoelemewa ikazikwa kimya.

Wachezaji walichukua kitu ambacho hakiandikwi kwenye hundi: wiki tano za mapumziko, na miezi ya vuli bila kugongana vichwa kila Jumatano. Wapo makocha walionung'unika, na bado wapo, kwamba wachezaji wa siku hizi hawajui kukaba. Nawaelewa. Lakini ukiniuliza kipengele gani cha mkataba ule mchezaji wa 2011 atakishukuru akiwa na miaka 55, nitakuambia hicho.

Walichokosea ni nidhamu. Kifungu cha 46 kiliendelea kumpa kamishna mamlaka ya kuadhibu na kusikiliza rufaa ya adhabu yake mwenyewe. Wakati ule kilionekana kidogo. Mwaka 2016 mahakama ya rufaa ilikitegemea kifungu hichohicho kurudisha adhabu ya kufungiwa mechi nne katika sakata la mipira iliyopungua upepo. Aliyefungiwa alikuwa Tom Brady.

Msimu ulioanza kwa pupa ulikuwaje? Waliotabiri walipatia?

Kwa sehemu kubwa hapana, na hapa ndipo pa kufurahisha. Ligi nzima ilifanya kwa siku chache kazi ya miezi minne. Wachezaji huru walianza kutafutwa 26 Julai huku kambi zikifunguliwa papo hapo. Mechi pekee iliyofutwa ilikuwa ile ya maandalizi ya Canton, Ohio, kati ya Bears na Rams.

Matumaini yalipanda kuliko kote Philadelphia. Eagles walimwaga fedha, wakamchukua beki Nnamdi Asomugha kwa mkataba wa dola milioni 60, na kwotabaki wao wa akiba Vince Young akaiita timu ya ndoto. Ndoto iliishia ushindi 8 na vipigo 8.

Wataalamu walisema timu zenye makocha wapya zitaumia, kwa kuwa hazikupata muda wa kujifunza. Harbaugh na 49ers yake walishinda mechi 13 kati ya 16 na kufika nusu fainali, wakifungwa na Giants katika muda wa nyongeza, 20 kwa 17. Walisema pia timu ambazo hazikujikusanya wakati wa ufungiaji zitachelewa kupata moto. Packers, mabingwa watetezi, hawakujisumbua sana na mazoezi ya pamoja, na walilaumiwa. Wakafungua msimu 8 Septemba kwa kuwafunga Saints 42 kwa 34, wakashinda mechi 13 mfululizo, wakamaliza na 15 kwa 1.

Washambuliaji ndio waliofaidi, kinyume na matarajio, kwa sababu mabeki walihitaji mazoezi ya pamoja zaidi yao. Newton alirusha yadi 422 katika mechi yake ya kwanza kabisa. Brees alivunja rekodi ya Dan Marino ya yadi za pasi kwa msimu mmoja, iliyodumu tangu 1984, na kumaliza na yadi 5,476; Brady na Matthew Stafford nao walipita 5,000. Ubingwa ukaenda kwa New York Giants, timu iliyoingia mtoano na ushindi 9 tu, wakimfunga Brady na Patriots 21 kwa 17.

Kulikuwa na gharama, nayo haikutangazwa sana. Katika siku 12 za kwanza za kambi wachezaji 10 walipata majeraha ya kano ya kisigino, idadi ya kushtua kwa muda mfupi namna ile. Watafiti waliolichunguza walihusisha na miezi bila uangalizi wa wataalamu wa timu, kisha kurudi kazini kwa kishindo.

Migogoro ya 1982 na 1987 ilikuwaje?

Hiyo ndiyo ilikuwa migomo kweli. Ya 1982 ilidumu siku 57 na msimu ukabaki mechi 9. Mwaka 1987 wachezaji waligoma siku 24, lakini wenye timu wakaleta wachezaji wa kuokoteza na mechi zikaendelea. Baadhi ya nyota, Joe Montana akiwamo, wakavuka mstari na kurudi kazini. Washington ilishinda mechi zake zote tatu za kipindi hicho kwa vijana hao wasiojulikana, ya mwisho dhidi ya Dallas iliyokuwa na nyota wake kadhaa waliorudi, na mwisho wa msimu ikatwaa ubingwa. Baada ya somo lile wachezaji waliacha kutegemea mgomo na kuhamia mahakamani.

Na waamuzi?

Mwaka 2012 wao ndio waliofungiwa nje. Ligi ikachezesha waamuzi wa mbadala kwa wiki tatu, mpaka Jumatatu ya 24 Septemba 2012 huko Seattle, ambapo pasi ya mwisho dhidi ya Packers iliwaacha waamuzi wawili wamesimama pamoja, mmoja akiashiria goli na mwenzake akisimamisha saa. Siku mbili baadaye mapatano yalipatikana.

Mechi huchezwa saa ngapi kwa saa za Afrika Mashariki?

Za mapema Jumapili huanza saa 2 usiku. Wamarekani wakirudisha saa nyuma mwanzoni mwa Novemba, inakuwa saa 3. Za usiku wa Marekani zinakukuta kama saa 9 alfajiri. Fainali ya Super Bowl huanza saa 8 na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu, kwa hiyo omba ruhusa kazini mapema.

Ligi inaweza kufungwa tena? Na mechi 18?

Si karibuni. Mkataba wa 2011 ulifuatwa na wa 2020, ambao wachezaji waliupitisha kwa kura 1,019 dhidi ya 959. Kura 60 tu, tena Machi ile dunia ilipokuwa ikijifungia ndani kwa sababu ya korona. Mkataba huo uliongeza mgawo wao kupita asilimia 48, ukapanua vikosi, na ukawaachia wenye timu mechi ya 17, iliyoanza 2021. Unafika hadi mwisho wa msimu wa 2030.

Goodell amesema hadharani kwamba angependa 18, kwa kupunguza za maandalizi zibaki mbili. Ni pendekezo lilelile la 2011 kwa sura mpya, ila wakati huu hawezi kulipata kwa kufunga milango, kwa sababu mkataba uliopo umeweka ukomo wa 17. Itabidi ainunue kwa wachezaji, na kwa uzoefu wa miaka hii wao wataanza kwa kuuliza kuhusu wiki ya pili ya mapumziko na ukubwa wa vikosi kabla ya kufika kwenye asilimia.